Mwambie Alishushe Mlima

Sauda mwanangu,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, wewe ukiwa na haraka ya basi na mimi nikijifanya sina neno, kwa hiyo hapa naziruka. Umetoka kwenda kuwaaga wenzako sokoni. Baba yako yuko uani anagonga kitu ambacho hakihitaji kugongwa. Mimi nimekaa mezani na kalamu yako uliyoisahau, na nina nafasi mpaka urudi. Mambo ya kula, kufua, kuswali kwa wakati na kumsikiliza mama yako mdogo kule Mbale sitayaandika. Nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza.

Naandika kwa sababu jana kuongea kulitushinda. Wiki iliyopita ulirudi kutoka Mbale ukilisifia lile gari la buluu uliloliona Industrial, mtaa wa viwanda, kwenye yadi ya Bwana Masaba muuza magari. Injini ya dizeli yenye tabo ya kuiongezea nguvu, rangi bado inang'aa, linavuta kama limetumwa. Lile lingine, refu, la kijani, lenye bodi iliyojikunja, ulilitaja kama mtu anavyomtaja shemeji asiyempenda. Jana tukiwa tunakula nikakuuliza juu ya breki za hilo la buluu. Ukasema zipo. Nikakuuliza kama uliliona likishuka na mzigo. Ukasema Bwana Masaba alikupandisha nalo barabara ya mlima Wanale na mifuko ya saruji nyuma, wala halikuhema. Nikarudia: kushuka je? Hapo ukaweka chini tonge lako ukaniambia, "Mama, wewe kila kitu unakiona na jeneza lake."

Nami nikakujibu kwamba ukitaka kufa huna haja ya kufuata kifo mpaka Mbale. Baba yako akachukua fimbo yake akatoka nje, chakula akakiacha.

Maneno hayo nimeyajutia tangu jana. Yalinitoka kwa sababu naogopa, na mimi nikiogopa ulimi wangu hunitangulia, unanijua. Nisamehe, mwanangu. Swali lenyewe, hata hivyo, sitalifuta. Kazi uliyoipata ni ya kuwapelekea maksai watu wa Teso waliotoka kambi za wakimbizi, wapate kulima tena, na hakuna kazi ninayoweza kuionea fahari zaidi ya hiyo. Utakuja na gari utakalolichagua, ulifunge kwenye trela letu hapa uani, kisha uingie barabarani na mzigo wenye pumzi. Ninataka ujue kwa nini nauliza juu ya kushuka.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiwaambia watoto wa hapa Walukuba kwamba baba yako anachechemea kwa sababu fahali alimpiga teke. Tulikuacha. Ilikuwa hadithi nzuri, na fahali hawezi kujitetea. Ukweli ni kwamba siku aliyoumia ulikuwepo. Ulikuwa umekaa mapajani pangu.

Tuanzie kwenye trela, maana unalijua kwa umbo tu. Lilitengenezwa kwa ajili ya farasi. Mzungu mmoja aliyekuwa mkubwa kwenye kiwanda alichofanya kazi baba yako alifuga farasi, akawa akiwasafirisha kwenye mashindano. Mambo yalipoharibika akaondoka na sanduku moja, na trela akamwachia dereva wake, yaani baba yako. Ndiyo maana lina ule mlango mpana wa nyuma unaolala chini kama daraja, na ule ukuta wa katikati. Akili yake yote iko shingoni, kile chuma cha mbele kinachoshikana na gari. Gari la mbele likipunguza mwendo, trela linakuja mbele, shingo inasukumwa, na ndani ya shingo kuna nondo inayokwenda kubana magurudumu ya trela lenyewe. Halingoji kuambiwa. Lina kasoro moja tu: haliwezi kutofautisha kati ya kuteremka mlima na kurudishwa nyuma. Ukirudi nyuma linadhani limeamriwa kusimama, linabana magurudumu yake na kugoma kama punda. Inabidi mtu ashuke, aweke kishikizo pale shingoni, ndipo lirudi.

Sasa fikiria wakati wa vita. Kila baada ya mwendo kidogo kuna gogo barabarani na wanaume wenye magwanda ambao hujui wametumwa na nani. Kipaji cha dereva siku hizo hakikuwa kwenda mbele, kilikuwa kurudi nyuma. Unaona gogo ambalo asubuhi halikuwepo, au watu walionyamaza kupita kiasi, na papo hapo unarudi nyuma, unageuza, unapotea kabla hawajakuita. Nani angeshuka kuweka kishikizo? Baba yako alichukua spana akaichomoa ile nondo. Kila mwenye trela la aina hiyo kwenye barabara hii alifanya vivyo hivyo, na aliyeonyesha wenzake jinsi ya kuichomoa alisifiwa. Mimi ndiye niliyemshikia baba yako spana. Siku moja karibu na Bugiri ujanja huo ulituokoa, na sijawahi kuujutia.

Vita vikaisha, angalau hapa kwetu. Viwanda vikaanza kufuka moshi kidogo kidogo, maduka ya barabara kuu yakafungua mbao zao. Ile nondo tulikuwa tumeigeuza komeo. Kila jioni baba yako aliipitisha nyuma ya mlango huu huu, na sisi tukalala. Hakuna aliyesema irudi kwenye trela. Hakuna aliyelifikiria hilo, Sauda. Ilikuwa imeshakuwa komeo.

Kisha tukanunua gari jingine la kulivuta, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Palikuwa na magari mawili, kama wewe sasa. Moja lilikuwa zito, refu, la polepole. Tulilicheka mbele ya mwenyewe. Jingine lilikuwa pikapu ndogo ya dizeli, nyepesi, inayogeuka mahali pembamba, inayowaka kwa kusukumwa hata betri ikiwa ndani ya nyumba, maana betri zote tulilala nazo ndani zisiibwe. Tena ilikuwa na sura mbaya, hakuna afande angeitamani. Tukaipenda siku hiyo hiyo. Baba yako aliirudisha nyuma mbio kuzunguka yadi nzima, mimi nikapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama inaweza kusimama. Tulikuwa tunachagua kwa macho ya vita, na vita vilikuwa vimekwisha.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka ng'ambo ya mto na maksai wa kuwapeleka Mbale. Tulipofika Njeru, barabara ikaanza kuteremka kwenda kwenye bwawa. Unaujua mteremko ule, umeupita mara nyingi na boda boda wala hukuufikiria. Wakati ule palikuwa na kizuizi cha wanajeshi kabla ya daraja, pipa huku, pipa kule, na mti katikati. Gari lililopita kizuizi bila kusimama lilipigwa risasi. Hilo halikuwa tishio, lilikuwa utaratibu, kila mtu aliujua.

Baba yako akakanyaga breki. Pikapu ikapunguza mwendo, na maksai wote wakaja mbele kwa pamoja. Nikasikia kishindo cha kwato nyuma yetu, kisha nikahisi tunasukumwa. Sijui nikuelezeje. Ni kama umesimama kwenye foleni na mtu aliyekuzidi mwili anakuegemea bila kuacha. Akakanyaga tena. Harufu ya breki zinazoungua ikajaa ndani. Mkia wa pikapu ukaanza kwenda pembeni na yeye akawa anaurudisha, anaurudisha. Mti wa kizuizi ulikuwa unakuja. Nikamwona askari mmoja akitoka kivulini, akainua mkono, akaona hatusimami, akaiweka bunduki begani.

Nilijitoa dirishani mpaka kiunoni, wewe nimekukumbatia kwa mkono mmoja, nikapiga kelele kwa Kiswahili kile cha kambi ya jeshi nilichokulia, "Afande, breki hakuna. Afande, kuna mutoto." Sijui kama alisikia. Bunduki haikushuka.

Baba yako akageuza usukani akatuingiza kwenye ukingo wa udongo, upande wake ukitangulia. Nataka ulijue hilo. Alikuwa na nafasi ya kutuingiza upande wangu, na alichagua upande wake. Trela likajikunja likambana mguu pale kwenye mlango wa pikapu. Maksai mmoja alivunjika shingo. Wenzake walitoka wenyewe kwa ule mlango mpana, wakaanza kula majani kando ya barabara.

Yule askari alifika akikimbia. Alikuwa kijana wa kaskazini, mrefu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukuchukua wewe mikononi mwangu. Ulikuwa umeshika kipande cha gonja, ile ndizi ya kuchoma, hukuwa umekiachia, na ulikuwa bado unatafuna. Akakutazama, akanitazama, akasema, "Mama, mimi ilikuwa napiga. Kidole iko tayari kabisa. Halafu naona mutoto iko nakula gonja." Akakaa chini barabarani na wewe. Wenzake ndio waliokunjua mlango wakamtoa baba yako. Sikuwahi kujua jina la kijana yule, na mpaka leo ninamwombea bila jina.

Hospitalini walimfunga baba yako mguu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumlaumu mtu: aliyetuuzia pikapu, wanajeshi walioweka kizuizi mteremkoni, hata maksai. Nilikuwa na orodha. Baba yako akageuza uso akaniambia, "Hadija, ile nondo iko mlangoni kwetu." Basi. Hakuna zaidi tuliloongea juu ya jambo hilo, na orodha yangu ikaishia hapo.

Sikuandikii haya ili ujue kwamba tulikosea. Waliokosea ni wengi na wengine hawakutoka hai. Ninachotaka ukione ni kwamba hatukukosea kwa ujinga. Tulikuwa hodari. Tulikuwa hodari wa jambo ambalo lilikuwa limekwisha, na mkono ulioizoea kazi ile uliendelea kuifanya. Hata baada ya ajali sikupona upesi. Chumba hiki nilikitaka kwa sababu kina mlango wa nyuma. Viti vya kuegemea sikununua kwa sababu havibebeki. Baba yako mwenyewe, usimwambie, nilimpendea kwamba alijua njia zote za panya kutoka hapa mpaka Busia. Bahati yangu alikuwa na mengine mazuri ambayo sikuyatazama.

Na wewe nikakulea hivyo. Unakumbuka mwalimu wako alivyoniita akalalamika kwamba unagombana na wenzako kila muhula ili ukae kwenye dawati la karibu na mlango? Nilimkasirikia mwalimu yule. Nilikuwa nimekufundisha mimi. Jana ulipokuwa unalisifia gari la buluu, linavyochomoka, linavyogeuka, linavyowaacha wengine kwenye vumbi, sikukusikia wewe. Nilijisikia mimi, nikipiga makofi kwenye ile yadi. Ndicho kilichonitia hasira, Sauda. Hasira ilikuwa yangu kwangu, wewe ulikuwa karibu tu.

Haya, gari. Bwana Masaba si mtu mbaya, lakini ni muuzaji, na muuzaji yeyote atakupeleka mlimani kukuonyesha linavyopanda. Kupanda kunafurahisha, injini inaunguruma na mnunuzi anatabasamu. Wewe mwambie alishushe. Mwambie mwazime trela, mlifunge, mlijaze, mpande Wanale mpaka pale panapokata pumzi, kisha mteremke kwa gia ya chini, mguu ukiwa mbali na breki. Gari linalofaa litajizuia kwa injini yake, litanung'unika lakini halitakukimbia. Mkifika chini shuka, zunguka, nusa magurudumu. Pua yako ni nzuri kuliko maneno ya mtu.

Ukifika yadi usimwambie saa utakayokuja. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu hazijaisha. Kama ina joto, amekwisha kuliwasha, na dizeli iliyochoka huficha uchovu wake ikiwa moto. Kanywe chai, urudi likipoa. Moshi mweupe unaopotea upesi usikutishe. Wa buluu unaobaki hewani, hilo linakula oili. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, na kama inapumua kama birika, mshukuru Bwana Masaba uende zako. Lala chini ya gari, usione haya, utandike kanga ukitaka, utazame pale ndoano ilipofungwa kwenye fremu. Rangi mpya juu ya chuma cha zamani imewekwa ili isitazamwe, ikwaruze kwa ukucha. Na uzito, mwanangu. Anayevuta awe mzito kuliko anayevutwa. Saruji inakaa pale ulipoiweka, lakini maksai wana miguu, na ukikanyaga breki wote wanakuja mbele kukuuliza kuna nini.

Sasa nitasema jambo ambalo jana lilinishinda. Huenda la buluu ni zuri. Sijaliona. Huenda hilo la kijani ninalolitetea moyoni limeoza fremu na mimi nalipenda kwa sababu linafanana na lile tulilolicheka. Wewe ndiwe utakayekuwa pale, na macho utakayotumia ni yako. Ukirudi na la buluu, nami nikajua umelishusha, nitapanda mbele na kukaa karibu nawe mpaka Soroti, na sitasema neno. Baba yako atakuambia kwamba hilo la mwisho haliwezekani, lakini nitajaribu.

Kile anachogonga huko uani ni ile nondo. Iko shingoni mwa trela mahali pake, imepakwa grisi, ameipima na kuipima. Anajua iko sawa. Hana namna nyingine ya kukuaga, kwa hiyo nenda ukamshikie spana hata kama haihitajiki.

Kuna jambo moja limebaki. Juzi uliniomba lile begi la kahawia lililo chini ya kitanda changu, nikakukaripia usiliguse, na ukaniuliza lina nini nisikujibu. Lina nguo za kubadili, kanga, sabuni, kiberiti, sukari ninayoibadilisha kila inapoganda, na gauni lako la utotoni, ambalo siku zote nilidhani litakutosha tutakapokimbia. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Umeota kimo kunizidi, na gauni limo humo humo, kana kwamba nikiita utakuja mbio ukiwa vile vile.

Leo mchana ulipotoka nililivuta nikalifungua. Sukari nimeimimina kwenye kopo la jikoni. Kanga nimeivaa, ndiyo utakayoniona nayo. Gauni nimelikunja nikaliweka kabatini, pamoja na vitu vya watu wanaoishi mahali pao. Begi nimelipangusa, liko kwenye kiti chako, nawe ulijaze unavyotaka. Ukilishusha lile gari mlimani na likakutii, rudi nalo nyumbani uchukue trela. Utatukuta hapa hapa.

Chini ya kitanda hakuna kitu sasa. Nimepafagia.

Mama yako,
Hadija